Kushusha Pumzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maana na Matumizi Yake

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya hadithi na tafsiri, na hakuna kauli ninayoizungushia duara kwa kalamu mara nyingi zaidi ya hii. Si kwamba ni kauli mbaya. Ni kauli nzuri mno, nayo hutumiwa ovyo kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wanafunzi, watafsiri na waandishi wanaoanza huniuliza tena na tena.

Kushusha pumzi maana yake ni nini hasa?

Ni kuitoa nje, kwa namna inayosikika au kuonekana, pumzi iliyovutwa kwa kina kuliko kawaida, na kufanya hivyo kwa sababu moyo umeguswa na jambo fulani. Sehemu zote mbili za maelezo haya ni za lazima, yaani kitendo cha kifua na sababu ya moyoni. Mtu anayezima mshumaa ametoa pumzi, na mgonjwa anayeambiwa na daktari apulize kwenye kifaa cha kupimia mapafu naye ametoa pumzi, lakini kati yao hakuna aliyeshusha pumzi. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni akimsubiri mtoto aliyechelewa kurudi, kisha akamwona akitokea kwenye kona, huyo ameshusha pumzi.

Kwa nini tunasema "kushusha" na si "kutoa"?

Kwa sababu Kiswahili huiona nafsi yenye wasiwasi kama kitu kilichopandishwa juu. Mwenye hofu tunasema yuko roho juu. Aliyeshtuka tunasema moyo ulimpaa. Hasira hupanda, kisha hushuka. Kitenzi "kushusha" ndicho tunachokitumia kwa mzigo unaotolewa kichwani au mabegani na kuwekwa chini. Tukikiweka mbele ya neno "pumzi", msikilizaji hupata picha mbili kwa wakati mmoja: kifua kilichoinuka kikirudi mahali pake, na mzigo ukitua. Kauli "kutoa pumzi" haina picha hiyo ya pili, ndiyo maana hubaki kuwa kauli ya darasa la sayansi au ya mwalimu wa mazoezi.

Jambo moja zaidi linafaa kutazamwa hapa. "Kushusha" ni kauli ya kutendesha inayotokana na "kushuka", kama vile "kuangusha" ilivyotokana na "kuanguka" na "kuwasha" ilivyotokana na "kuwaka". Kwa hiyo, tunapoeleza jambo hili tunamfanya mtu kuwa mtendaji, hata kama pumzi imemtoka bila yeye kukusudia. Ni nadra kumsikia mtu akisema "pumzi yangu ilishuka". Husema "nilishusha pumzi", kana kwamba aliamua.

Je, kuvuta pumzi ndefu ni sawa na kushusha pumzi?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko mengine yote. Kuvuta ni kuingiza, kushusha ni kutoa, na kila kimoja kina hisia zake. Anayevuta pumzi ndefu anajiandaa: yuko karibu kusema jambo zito, kuinua kitu, kuingia mahali anapopaogopa, au kujizuia asiseme neno atakalolijutia. Anayeshusha pumzi amekwisha kuvuka jambo, au amekubali kwamba hatalivuka. Mwandishi akiandika "Alivuta pumzi ndefu" mahali ambapo mhusika amepata habari njema baada ya siku tatu za kusubiri, msomaji hubaki akingoja neno litakalofuata, kwa sababu kifua cha mhusika bado kimejaa.

Vitendo hivi viwili vinaweza kufuatana vizuri sana katika sentensi moja: "Alivuta pumzi ndefu, akaishikilia kidogo, kisha akaishusha taratibu." Hapo kuna mtu aliyepigana na nafsi yake kwa muda mfupi na tumemwona akipigana.

Kuna tofauti gani kati ya kupumua, kuhema na kutweta?

Kupumua ni neno pana lisilo na rangi. Kila kiumbe hai chenye mapafu hupumua, akiwa macho au usingizini, na neno lenyewe halituambii chochote kuhusu hali yake. Kuhema ni kupumua kwa nguvu na kwa haraka kwa sababu mwili umetumika au umeshtuka: aliyepanda ngazi nyingi huhema, aliyetoka mbioni huhema. Kutweta ni kuhema kulikozidi, ambako maneno yenyewe hukatika njiani. Mtu anayehema anaweza kukuambia kilichomleta. Anayetweta atakuonyesha kwa kidole kwanza.

Kushusha pumzi kunasimama kando ya haya yote, kwa kuwa ni tukio moja lenye mwanzo na mwisho, ilhali kupumua, kuhema na kutweta ni hali zinazoendelea. Tunaweza kusema "alikuwa akihema kwa dakika kumi", lakini "alikuwa akishusha pumzi kwa dakika kumi" itaeleweka tu kama tunamaanisha kwamba alishusha, akanyamaza, akashusha tena.

Tofauti hii si ya kupamba maandishi tu. Mgonjwa akimwambia mhudumu wa afya kwamba usiku anahema, ametoa taarifa ya mwili: pumzi hazimtoshi, na jambo hilo linahitaji kuangaliwa upesi. Akisema kwamba usiku anakaa akishusha pumzi, ametoa taarifa ya moyo. Mkalimani anayezichanganya kauli hizi mbili anaweza kumpeleka mgonjwa kwenye chumba kisicho chake.

Kuhema pia kuna jamaa zake wa kuangaliwa. "Kuhemewa" ni kuishiwa pumzi, na kwa maana ya kitamathali ni kuzidiwa na mambo hadi usijue pa kuanzia. "Kuhemea", ingawa kwa sura kunafanana na kauli ya kutendea ya kitenzi hicho, kuna maana nyingine kabisa, nayo ni kwenda kutafuta chakula, hasa wakati wa uhaba. Na "hema" la kulala, lenye asili ya Kiarabu, halihusiani na pumzi hata kidogo.

Mtu anaposhusha pumzi, anaonyesha hisia gani?

Hisia ya kwanza, na ndiyo inayomjia msomaji wa Kiswahili kama hajapewa dalili nyingine, ni nafuu. Vichwa vya habari vimeizoesha maana hii: wakazi wameshusha pumzi baada ya maji kurudi, mashabiki wameshusha pumzi baada ya mchezaji wao kupona. Katika matumizi hayo hakuna anayefikiria vifua vya watu; kauli imekuwa sawa na kusema "wamepata ahueni". Hata ukanushaji wake umeshika maana hiyo, kwani "bado hatujashusha pumzi" humaanisha kwamba hatari haijapita.

Lakini kauli hiyohiyo hubeba kukata tamaa, huzuni, uchovu, majuto, kuchoshwa na mtu, na hata hamu ya kitu kilicho mbali. Angalia sentensi hii: "Mzee alikunja barua, akashusha pumzi." Kama barua ilileta habari kwamba deni limesamehewa, tunamwona mzee aliyetua mzigo. Kama ilileta habari kwamba shamba limeuzwa, tunamwona mzee ambaye mzigo umemshinda. Kama ni barua ya tano kutoka kwa mwana anayeomba fedha, tunamwona mzee aliyechoka kukasirika. Sentensi haijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kile tulichokijua kabla ya kuifikia.

Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza, kwamba kushusha pumzi hakuelezi hisia. Kunathibitisha hisia ambayo mwandishi amekwisha kuijenga. Asiyeijenga, msomaji atajaza nafuu mahali pa huzuni, na hadithi itapinda bila mwandishi kujua ni wapi ilipopindia.

Vivumishi husaidia kidogo. "Pumzi ndefu" huelekea kwenye nafuu au kutafakari, na "pumzi nzito" huelekea kwenye huzuni na uchovu. Virai kama "kwa masikitiko", "kwa faraja" au "ya kukata tamaa" humaliza utata kabisa, ila vikirudiwa katika kila ukurasa huwa kama mtu anayekueleza mzaha baada ya kuusema.

Je, "kupumua" pia kunaweza kumaanisha kupata nafuu?

Ndiyo, na ni matumizi yenye nguvu. "Sasa nimepumua" husemwa na aliyemaliza mtihani, aliyelipa deni au aliyeondokewa na mgeni msumbufu. Tofauti yake na "nimeshusha pumzi" ni ya muda. Aliyeshusha pumzi ametoka kwenye hatari dakika hii. Aliyepumua amepata nafasi ya kuishi kama watu wengine, na nafasi hiyo inaweza kudumu. Kinyume chake ni "kutopumua": kazi zimemkaba hata hapumui.

Kutoka hapo kuna "kupumulia mashine", ambayo kwa maana halisi ni kusaidiwa na mashine kupumua, na kwa maana ya kitamathali husemwa juu ya biashara, chama au timu iliyo karibu kufa. Ukoo wa neno hili ni mpana: pumzi, kupumua, kupumzika, mapumziko, na pumu ambayo ni jina la ugonjwa. Undugu kati ya pumzi na kupumzika unaonekana hata nje ya Kiswahili, kwani Kizulu husema "phumula" na Kiganda husema "wummula" kwa maana ya kupumzika. Kwa wasemaji wa lugha hizi za Kibantu, anayepumzika ni mtu aliyepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Kwa nini mwili hushusha pumzi hata tusipokuwa na jambo moyoni?

Kwa sababu mapafu yanahitaji hivyo. Pumzi ya kawaida ya mtu mzima aliyetulia huingiza hewa ya kiasi cha nusu lita. Ndani ya mapafu kuna mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na baadhi yake hunywea kidogo kidogo kadiri tunavyopumua kwa kipimo kilekile. Pumzi moja kubwa, yenye ujazo wa takriban mara mbili ya ile ya kawaida, huvifungua tena. Mtu hufanya hivyo takriban mara 12 kwa saa bila kujitambua, mara nyingi kwa kuvuta pumzi ya pili juu ya ile ya kwanza kabla haijatoka. Mnamo mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa kwa panya, wakionyesha kwamba kundi dogo la chembe za neva katika shina la ubongo ndilo linaloamuru pumzi hizo.

Kwa mtumiaji wa lugha, somo la hapa ni dogo lakini lina faida: pumzi hizo kumi na mbili za kila saa hatuziiti kushusha pumzi. Hatuzitaji kabisa. Jina tumeliweka akiba kwa zile ambazo mtu mwingine amezisikia na kuziuliza sababu.

Je, kushusha pumzi mbele ya mtu ni kukosa adabu?

Inategemea kama aliyesikia anaamini kwamba amelengwa. Mwaka 2008, mwanasaikolojia wa Norwei, Karl Halvor Teigen, alichapisha utafiti kuhusu jambo hili, na mojawapo ya mambo aliyoyaona ni kwamba watu husikia huzuni katika pumzi za wenzao, lakini wanapoeleza pumzi zao wenyewe hutaja zaidi kukata tamaa na kuachana na jambo walilotarajia. Watu waliopewa mafumbo magumu kuyatatua walishusha pumzi mara kwa mara na wengi hawakujua kwamba wamefanya hivyo. Utafiti huo ulipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2011, tuzo ambayo hutolewa kwa kazi zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Katika mazungumzo ya Kiswahili, kijana anayeshusha pumzi wakati mkubwa wake anaongea huwa amejibu bila kusema, na mara nyingi ataulizwa: "Mbona unashusha pumzi, mwanangu? Sema lililo moyoni." Swali hilo huulizwa kwa upole kuliko kwa ukali, kwa sababu pumzi iliyoshushwa huchukuliwa kuwa dalili ya jambo lililofichwa, na jambo lililofichwa huombwa, haliadhibiwi. Mambo hubadilika pale pumzi inapogeuka kuwa msonyo.

Basi kusonya, kuguna na kupiga kite vinatofautianaje na kushusha pumzi?

Kusonya, ambako wengine hukuita kufyonya, ni kutoa sauti kali ya kufyonza kwa ulimi na meno, hewa ikivutwa kuingia ndani. Maana yake ni dharau au kuudhika, na hakuna msikilizaji anayeweza kukosea akadhani ni huzuni. Kumsonya mtu ni tusi lililokamilika. Ndiyo maana kitenzi hiki hupokea mtendwa kwa urahisi ("alinisonya"), ilhali hatusemi kamwe "alinishusha pumzi" kwa maana ya kunionyesha kuchoka.

Kuguna ni sauti fupi ya kooni, mdomo ukiwa umefumbwa au karibu kufumbwa: "Mh!" Hueleza shaka, kutoridhika, au mshangao unaozuiwa. Umati unaweza kuguna kwa pamoja mkutanoni. Kupiga kite ni kutoa sauti ya maumivu au uchungu mkubwa, na kitenzi "kuugua" nacho kilikuwa na maana ya jirani na hiyo kabla ya watu wengi kukiacha kibaki na maana ya kuwa mgonjwa. Kwikwi, ikitajwa pamoja na kilio, ni pumzi zinazokatika mtu anapolia au mara tu baada ya kulia. Mtoto aliyebembelezwa akanyamaza hubaki na kwikwi kwa muda, kisha huja pumzi moja ndefu inayotetemeka, na hapo mlezi hujua kwamba usingizi uko karibu.

Neno "pumzi" liko katika ngeli gani?

Liko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo tunasema pumzi yake imekatika, pumzi zake zimekatika, pumzi ndefu, pumzi nzito, pumzi moja, pumzi mbili. Kiambishi cha mtendwa ni "i" katika umoja: "aliishusha". Epuka "alipumua pumzi", kwa kuwa kitenzi kimekwisha kuibeba nomino. Kauli ya kutendwa, "pumzi ilishushwa", ni sahihi kisarufi, lakini masikioni ni ngeni, kana kwamba pumzi ni shehena bandarini.

Nomino moja iliyozoeleka ya kitendo hiki hatuna. Kuna "kutanafusi", kitenzi chenye asili ya Kiarabu, lakini maana yake ni kupumua au kuvuta pumzi, na wasomaji wengi wa leo hawakitambui. Tumia "kushusha pumzi" yenyewe kama jina: "Kushusha kwake pumzi kuliniambia yote."

Niandikeje sauti yenyewe katika mazungumzo?

Waandishi huandika "Aaah", "Ahh" au "Hhh", na kila mmoja hubuni herufi zake. Ushauri wangu ni kuiacha sauti na kuandika neno ambalo kwa kawaida hufuata pumzi hiyo. Anayepata nafuu husema "Afadhali" au "Alhamdulillahi". Aliyekata tamaa husema "Basi tena" au "Haya". Aliyechoshwa husema "Sawa", akiivuta silabi ya mwisho. Neno moja kati ya haya, likiwekwa peke yake mwanzoni mwa jibu, humfanya msomaji aisikie pumzi bila kuambiwa.

Niliwahi kupokea mswada ambamo mhusika mkuu alishusha pumzi mara tisa katika sura moja. Tulikaa na mwandishi tukaziangalia zote. Tatu zilikuwa mahali ambapo hakujua mhusika aseme nini, nne zilirudia hisia iliyokwisha kuonekana kwenye maneno, moja ilikuwa kuvuta pumzi iliyoandikwa vibaya. Tuliibakiza ile ya tisa, pale binti anapofungua sanduku la marehemu bibi yake na kukuta kanga zimekunjwa kama alivyozikunja yeye mwenyewe mwaka uliotangulia. Hakusema neno, naye mwandishi hakuongeza kirai chochote.

Ninatafsiri kutoka lugha yenye kitenzi kimoja tu cha kushusha pumzi. Nifanyeje?

Usiandike "alishusha pumzi" kila unapokutana na kitenzi hicho. Jiulize kwanza kama msomaji wa Kiswahili, akiiona kauli hiyo, atasoma nafuu mahali ambapo mwandishi wa asili alimaanisha uchovu. Kama kuna hatari hiyo, una njia tatu. Unaweza kuongeza kirai cha hisia, unaweza kubadilisha kitenzi na kuandika "aliguna" au "alisema kwa unyonge", au unaweza kuondoa kitenzi na kuacha "Haya" au "Basi tena" ifanye kazi. Mimi huipenda hii ya tatu, hasa katika mazungumzo ya haraka. Pale ambapo upepo au bahari ndiyo inayoshusha pumzi katika ushairi, kauli yetu hukubali vizuri kabisa, kwa sababu mawimbi nayo hupanda na kushuka.

Je, ni sahihi kusema kwamba aliyefariki "ameshusha pumzi ya mwisho"?

Itaeleweka, lakini si mazoea. Tunasema alivuta pumzi ya mwisho, au alikata roho, au pumzi zilimwishia. Sababu nadhani imo katika kitenzi chenyewe: anayeshusha pumzi hutarajiwa kuvuta nyingine, na wote waliomzunguka hutarajia hivyo. Kwa mgonjwa aliye kitandani, ndugu huhesabu zile zinazovutwa.